Hamira ya Bi Keturah

Asubuhi ya Alhamisi togwa ilikuwa bado imelala. Nilifunua shuka lililofunika pipa, nikashusha mshumaa ndani mpaka ukakaribia kugusa, na mwali haukutikisika. Pombe inayoumuka hupumua, na pumzi yake huzima mshumaa kama mtu aliyeufinya kwa vidole. Mshumaa wangu uliwaka vizuri kabisa. Sijawahi kuuchukia moto kama nilivyouchukia ule.

"Vipi?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado."

"Bado, au hapana?"

Nilichovya kidole, nikakilamba. Utamu ulikuwepo, utamu mzito wa kimea unaonata kwenye meno. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kama harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa. Nikafunika pipa haraka, kana kwamba mama angeweza kukiona kitu hicho kutoka aliposimama.

"Bado," nikasema.

"Edwin."

Mama huniita kwa jina zima pale tu anapokuwa amekwisha jua. Siku nyingine zote mimi ni Ned.

Katika bonde letu, mtoto wa kiume akizaliwa, baba yake hupika pombe kali mwezi wa Oktoba, hujaza pipa moja, hulifunga, huchoma jina la mtoto kwenye kifuniko kwa chuma cha moto, na pipa hilo haliguswi mpaka mtoto atimize miaka ishirini na mmoja. Langu lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu kabla ya haya. Baba aliyelipika alikuwa na miaka tisa kaburini, na nilipomeza funda la kwanza, tamu, kisha chungu, kisha moto kifuani, mjomba alinigonga mgongoni akasema, "Haya, baba yako amekusalimu." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya zizi kwa muda. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu.

Kaka yangu Gilbert alipanda shayiri mwezi Machi katika kishamba chetu cha mteremkoni. Mwezi Juni jiwe lilimwangukia machimboni. Mkewe, Selina, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Shayiri niliivuna mimi mwezi Agosti, nikaipeleka ikaoteshwa na kukaushwa, ikarudi kimea, magunia matatu. Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya Oktoba, wa kiume, akapewa jina la baba yake. Na mimi, mbele ya kitanda cha Selina, nikasema, "Shemeji, pipa lake nitalipika mimi. Kwa shayiri ya Gilbert."

Magunia yote matatu yaliingia katika pipa lile moja. Togwa ile ikiharibika, hakukuwa na shayiri nyingine ya Gilbert popote duniani. Wala isingekuwepo tena.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na kwa sababu ilikwenda vizuri nilivimba kichwa. Jumanne alfajiri niliwasha moto chini ya sufuria kubwa ya shaba. Maji yakachemka, nikayamimina kwenye pipa la kuloweka, nikangoja. Kwetu hatupimi joto kwa chombo. Unainama juu ya maji, mvuke unakuficha, unangoja. Mvuke unapopungua kiasi cha kuuona uso wako wazi, ndipo unamwaga kimea. Ukiwahi, kimea kinashikana kama uji. Ukichelewa, utamu hautoki. Niliinama, nikangoja, na mvuke ulipofunguka nikaona pua ya Gilbert na paji la uso la Gilbert vikinitazama kutoka chini, maana tulifanana. Nikamwaga gunia la kwanza.

Maji ya kwanza tu ndiyo tuliyoyachukua, yale mazito. Maji ya pili, ya pombe nyepesi ya mezani, nilimwachia mama. Nikachemsha yale mazito na maua machungu ya hopsi kwa saa tatu, nikayapoza mpaka kiwiko changu hakikuhisi moto wala baridi. Wakati huo wanaume watano au sita wa kijiji walikuwa wamekuja kuangalia, wamejazana mlangoni mwa banda la pombe na mikono mifukoni, wakitoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba.

Hapo ndipo Bi Keturah Bebb alipopita uani. Alikuwa ametoka kumwona mtoto na kumletea Selina mkate. Ni mjane, mrefu, mkavu, anaishi peke yake kule juu karibu na kanisa dogo, na ameapa mbele ya kanisa hilo kutoonja kileo maisha yake yote. Alisimama nje ya mlango bila kukikanyaga kizingiti.

"Hiyo hamira umeijaribu?" akauliza.

Mtungi wa hamira ulikuwa mkononi mwangu. Ulikuwa umening'inizwa kisimani tangu Juni, na tangu msiba hakuna mtu aliyeukumbuka.

"Haina haja," nikasema.

"Miezi minne bila kulishwa? Kijiko kimoja tu, kwenye kikombe cha togwa, karibu na moto. Saa moja. Ikipanda ni hai. Isipopanda unajua ungali na muda wa kutafuta nyingine."

Alisema kweli, na alisema kwa sauti ya kawaida. Kama angenivuta pembeni labda ningesikia. Lakini wanaume walikuwa wananitazama.

"Bi Keturah," nikasema, "mtu aliyeapa kutokunywa ameanza lini kuwafundisha wapikaji? Hamira hii ni ya babu yangu. Haifanyiwi mtihani."

"Labda anataka iwe ya nguruwe wake," akasema mmoja wao, Tom Cadwallader wa kinu cha kusagia nafaka, na wote wakaangua kicheko, kwa sababu walikuwa wanalijua shairi langu.

Bi Keturah alifunga ushungi wake chini ya kidevu, akaondoka. Nami nikamimina mtungi wote.

Lazima nieleze habari ya shairi. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, lakini maneno hayakuniacha. Nilijifunza mwenyewe kuyapima na kuyafunga vina, nikilima, nikikamua, nikipanda mlima. Hakuna harusi wala karamu ya mavuno katika bonde letu ambayo hawajaniita. Mwaka uliotangulia, Bi Keturah alipokula kiapo, alilitoa pipa la pombe kwenye pishi lake akalipasua kwa shoka kando ya barabara, pombe ikateremka mtaroni, na nguruwe wake wawili wakainywa. Jambo lenyewe lilikuwa linaomba shairi. Nililitunga kwa siku mbili, na karamuni watu walicheka mpaka wakashika meza. Mama peke yake alisimama akatoka. Kesho yake aliniambia, "Lile usiliseme tena." Nikadhani haoni raha kwa kuwa ni la mambo ya ulevi. Nikalisema tena mara nyingi.

Sasa ilikuwa Alhamisi, siku ya pili tangu nimimine, na togwa ilikuwa imekufa.

"Niende mjini," nikamwambia mama.

"Kwa njia ipi? Daraja liko chini ya maji tangu jana."

"Kinuni basi. Kwa Tom."

"Tom anatumia ile kavu ya dukani. Itaumua mkate. Ukiitia humu, kwenye togwa nzito hivi, itafika katikati ya safari na kufa, na utamu wote utabaki na kuoza." Alisogea karibu, akainusa hewa juu ya pipa, na nikaona uso wake ukibadilika. "Una mpaka jioni, Ned. Labda hata jioni haifiki."

Akanyoosha shuka juu ya pipa.

"Upande huu wa mto," akasema, "nyumba yenye hamira ya zamani ni moja tu."

"Usiitaje."

"Sijaitaja. Umeitaja wewe."

Selina alikuwa amekuja nyuma yake, mtoto begani. Alikuwa bado mweupe kama karatasi, na alipaswa kuwa kitandani. "Shemeji," akasema, "mwambie ni ya mkate. Ya mkate hawezi kukunyima. Mwambie mama hana hamira ya mkate. Si uongo, kweli hana."

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amelala mdomo wazi. Mama aliingia ndani akarudi na chupa ndogo aliyoijaza togwa, akaifunga kwa kitambaa, akanitia mfukoni bila kusema ni ya nini. Nilikuwa nimevuka ua ndipo nikaelewa.

Njia ya kwenda juu ni maili moja na nusu, na mvua ilikuwa imeigeuza kijito. Katikati kuna mfereji unaovukwa kwa ubao mmoja. Maji yalikuwa yanaulamba ubao. Njia nzima nilikuwa natunga. Nilitunga uongo wa mkate mara tatu, na kila mara ulitoka mzuri zaidi, wenye mama mgonjwa, wenye mtoto mwenye njaa. Nilijua ningeusema vizuri. Hilo ndilo lililonichukiza.

Bi Keturah alinifungulia mlango mikono yake ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Ned Beddoes," akasema. "Nguruwe wako zizini, kama umekuja kuwasalimia."

"Nimekuja kuomba hamira."

"Ya nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umepangwa vizuri. Akanitazama. Nikakumbuka kwamba yote niliyowahi kusema juu ya mwanamke huyu niliyasema mbele ya watu na nikajivunia. Kumtukana hadharani kisha kumdanganya jikoni kwake, hapana. Hilo lingekuwa jambo la mtu mwingine, mtu nisiyetaka kumjua.

"Ya pombe," nikasema. "Ya mtoto wa Gilbert. Hamira yetu ilikuwa imekufa. Ulisema niijaribu, sikuijaribu."

"Kwa nini hukuijaribu?"

"Kwa sababu ulisema wewe."

Aliyatazama maji yaliyokuwa yakinidondoka kutoka kofiani hadi sakafuni pake. "Vua buti," akasema.

Jikoni mlikuwa na joto. Donge kubwa la unga lilikuwa juu ya kibao cha mviringo, cha mwaloni mzito, na kando yake mtungi wa udongo umefunikwa sahani. Alipofunua sahani nilisikia harufu ile, ya tufaha na mkate, na ndani ya mtungi povu la rangi ya maziwa lilikuwa likipasuka polepole, kipovu kimoja, kingine. Nilitaka kuunyakua nikimbie.

"Una togwa?"

Nikatoa chupa. Akaipasha moto kidogo, akaimimina kwenye kikombe cheupe, akatia kijiko kimoja cha hamira, akakiweka kikombe kando ya meko.

"Saa moja," akasema.

"Bi Keturah, togwa inaharibika. Mama amesema—"

"Utasema unaiona hamira yangu kuwa ni hai. Ni hai kwenye unga. Haijaonja togwa mwaka mzima na zaidi. Unataka kuipeleka kwenye pipa la mtoto bila kujua, mara ya pili?" Akarudi kwenye donge lake. "Jumanne ulishindwa kungoja saa moja. Leo utaweza."

Nikakaa kwenye kigoda. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi. Niliiangalia togwa ndani ya kikombe kama paka anavyoangalia tundu. Haikusogea. Mvua ilipiga dirishani. Kule chini, ndani ya banda letu, kile kitu chembamba kilikuwa kinakua dakika kwa dakika.

"Niambie lile shairi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Sijawahi kulisikia. Watoto wa barabarani wananitupia vipande vyake nikipita, lakini zima sijalisikia. Wewe ndiye mwenyewe. Tuna saa nzima."

"Ni upuuzi tu, Bi Keturah."

"Karamuni hukusema ni upuuzi, nimesikia ulipanda juu ya benchi. Kaa ulipo, benchi sina."

Ningeweza kusema nimelisahau. Lakini mimi sisahau mashairi yangu, na alijua. Nikaanza, macho kwenye kikombe:

*Nguruwe wake Ketura, wamekunywa mtaroni,*
*Wamelewa barabara, wajikokota njiani,*
*Mmoja aliyefura, kaingia kanisani,*
*Mchungaji kauliza: aliyeapa ni nani?*

Mikono yake iliendelea kukanda. Nilimtupia jicho. Pembe ya mdomo ilikuwa imetikisika kidogo.

"Hakuingia kanisani," akasema. "Aliishia kwenye ngazi, akalala. Lakini ni nzuri. Endelea."

"Hiyo ndiyo nzuri. Iliyobaki—"

"Endelea, Ned."

Beti zilikuwa tano. Ya pili na ya tatu zilipita. Nilipofika ya nne nilisita, maana niliijua ilivyo. Ndiyo iliyowafanya washike meza.

*Alilia kwa uchungu, si kwa dhambi, kwa kileo,*
*Wakaona walimwengu, kiapo si kimbilio…*

Mikono yake ikasimama.

"Hapo," akasema. "Hiyo ndiyo wanayonitupia."

Akalinyanyua donge la unga kwa mikono miwili, akaliweka kwenye bakuli. Akakipangusa kibao kwa kiganja, akakigeuza upande wa pili, akanisogezea. Hakikuwa kibao cha unga. Kilikuwa kifuniko cha pipa. Herufi zilikuwa nyeusi, zimechomwa kwa chuma cha moto, na unga ulikuwa umeingia katika mikunjo yake: ENOCH BEBB.

Enoch nilimjua. Nilikuwa namzidi miaka miwili. Alikufa kwa mapafu akiwa na miaka kumi na tisa, na nililibeba jeneza lake, kona ya nyuma, kulia. Miezi mitano baadaye mama yake alikula kiapo na kupasua pipa. Nilizaliwa bonde hili. Najua kila nyumba yenye mtoto wa kiume ina nini pishini. Jambo la kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi nilipewa siku mbili nikahesabu mizani.

"Lilikuwa limebakisha miaka miwili," akasema. "Ungetaka nimfungulie nani? Nilikuwa nikishuka pishini kuchukua viazi, linanitazama. Watu wa kanisa walinambia nikiapa nitapata nguvu ya kulitoa. Nikaapa, nikalitoa. Nililia, ndiyo. Hukukosea hapo."

Nililisoma jina lile mara ya pili, herufi kwa herufi. 

"Pombe ilipokwisha mwagika," akaendelea, akiufuta unga kwenye herufi kwa ncha ya kidole, "chini ya pipa kulikuwa kumebaki mashapo. Baba yake ndiye aliyeitia hamira ile, mwezi aliozaliwa. Nikaikwangua na kijiko. Nilidhani imekufa, miaka yote ile. Nikaipa unga na maji ya viazi. Siku tatu hakuna kitu. Ya nne ikatoa kipovu kimoja." Akauelekeza mtungi kwa kidevu. "Ndiyo hiyo. Kila mkate unaoliwa nyumba hii, na ule niliomletea shemeji yako, ni hiyo."

Nikayageuzia macho kwenye kikombe kwa sababu sikuweza kumwangalia, na hapo nikaona. Pembeni, pale kikombe kilipogusana na joto la meko, kulikuwa na ukanda mwembamba wa povu, mwembamba kama uzi. Nikaona uzi ukinenepa. Saa ilisema bado dakika ishirini na tano, nami nilizikaa zote. Ilipotimia, povu lilikuwa limefika ukingoni na linataka kumwagika.

Niliinuka nikasimama mbele yake bila buti, kama mtoto wa shule.

"Siombi tena," nikasema. "Sina uso wa kuomba. Lakini naomba unisamehe, ukitaka sasa, ukitaka siku nyingine."

"Siku nyingine," akasema. "Leo hatuna muda. Vaa buti zako."

Akakwangua vijiko viwili vya hamira kwenye bakuli la unga wake, abaki na mbegu. Iliyobaki, karibu mtungi mzima, akaufunga mtungi kwa flana, akaushika kifuani chini ya ushungi, ndani ya koti.

"Nipe niubebe," nikasema.

"Wewe? Ule wa babu yako ulioushika, unajua ulikoishia."

"Lakini kiapo chako. Watu wa kanisa wakikuona unaingia banda la pombe—"

"Niliapa kutokunywa. Sikuapa kuacha mtoto wa watu akose pipa. Na wakiniuliza nitawaambia wakuulize wewe, una mdomo."

Tulishuka kwa mvua. Kwenye mfereji maji sasa yalikuwa yanapita juu ya ubao. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, na chini ya koti lake hamira pekee iliyobaki upande huu wa mto. Niliingia majini mpaka kiunoni, baridi ikanikata pumzi, nikasimama kando ya ubao nikimshika mkono. Alitembea polepole sana, akipapasa ubao kwa ncha ya kiatu. Katikati aliteleza. Hakunyoosha mkono kujishikilia. Mikono yote miwili ilikwenda kifuani, kwenye mtungi, na ni mimi niliyemdaka kwa bega. Tulikaa hivyo, maji yakinisukuma, nikimsikia anavyohema.

"Umevunjika?" nikauliza.

"Mimi au mtungi?"

"Vyote."

"Nyamaza uvushe."

Mama alikuwa anatungoja mlangoni mwa banda. Alipoona nani yuko nyuma yangu, alimvua ushungi uliolowa akamvika wake. Bi Keturah alikikanyaga kizingiti ambacho Jumanne hakukikanyaga. Akainama juu ya pipa, akanusa, akachovya kidole, na sisi watatu, maana Selina naye alikuwa amekuja, tukawa tunausoma mgongo wake. Hakulamba. Alikumbuka kiapo chake, akaninyooshea kidole chake mdomoni, nami nikakilamba.

"Sema kweli," akasema.

"Kuna uchachu. Mdogo. Zaidi ya asubuhi."

"Utabaki. Hautatoka tena, utakuwa sehemu yake. Swali ni kama utaongezeka." Akaweka kiwiko chake ndani. "Imepoa. Chemsha ndoo mbili zake, urudishe."

Nikafanya. Kiwiko chake kiliporidhika, alifungua flana, akamimina mtungi taratibu ukingoni, akizunguka pipa lote, na midomo yake ilikuwa inatembea. Sikusikia alichosema. Kisha akaomba kikombe cha chai.

Alikaa jikoni kwetu mpaka ilipotaka kuingia giza, mtoto mapajani. Kila nusu saa nilikwenda na mshumaa. Mwali ulisimama wima. Mara ya tano nao ulisimama. Selina aliacha kuuliza. Mara ya saba niliushusha mshumaa, nikaona mwali ukiinama upande, ukawa mwekundu, ukarefuka kama unavutwa na mtu kwa chini, ukazimika. Nikasimama gizani. Nikauwasha tena, kwa kuwa siamini vitu mara moja, nikaushusha, ukazimika tena.

Nilirudi jikoni na mshumaa uliozimika mkononi, moshi wake bado unatoka, nikauweka mezani mbele yao. Selina alijifunika uso kwa aproni. Mama akakata mkate.

Pombe iliumuka siku tisa. Tulipoijaza pipani na kulifunga, nilichoma jina kwenye kifuniko kwa chuma cha moto, GILBERT BEDDOES, herufi moja moja. Desturi yetu ni kwamba aliyetia hamira hupewa kikombe cha kwanza siku ya kufungua. Nikamwambia Bi Keturah hivyo.

"Miaka ishirini na mmoja ijayo? Nitakuwa na themanini na nne, na kiapo bado," akasema. "Kikombe changu kimwage mtaroni pale mbele ya nyumba yangu. Enoch anapajua."

Mwaka huu karamu ya mavuno walinipandisha tena benchini, wakapiga meza wakitaka nguruwe. Nikasema shairi hilo halipo. Tom Cadwallader akasema, "Mshairi amekaukiwa. Mleteeni maji, au mleteeni nguruwe." Nikashuka benchini nikamwambia twende nje, na tulikwenda nje, na jino lake moja la pembeni halipo tena. Sijivunii. Najivunia kidogo.

Imebaki miaka kumi na tisa. Uchachu ule sijui umekwenda wapi. Labda umelala, labda unakula. Hakuna atakayejua mpaka siku ile, na kulifungua pipa kuangalia ni kuliua. Jumapili, watu wakitoka kanisani, Bi Keturah hushuka kwetu kumwona mtoto, kisha huniomba ufunguo wa pishi. Hupiga magoti kwenye mawe mbele ya pipa, taratibu, mkono mmoja ukutani, huweka pua yake kwenye kizibo, hufumba macho, hunusa kwa muda mrefu.

"Bado," husema, na kuninyooshea mkono nimwinue.